Dakika ya Kumi na Mbili

Rafiki yetu mmoja, fundi kompyuta, aliitwa na shangazi yake alasiri moja. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa na sauti iliyorekodiwa ya marehemu bibi, mama wa shangazi, akitaja ukoo mzima. Nakala ilikuwa hiyo moja tu, na ndugu walikuwa njiani kuja kuisikiliza. Lakini kila ikifika dakika ya kumi na mbili, skrini iligeuka bluu na mashine ikajizima.

"Fundi gani wewe? Saa nzima unapuliza vumbi tu!"

"Tulia, shangazi. Hata daktari hupima kwanza."

Alifunga mapazia aione skrini vizuri. Akachomoa kadi za memori, akazisugua meno ya kuchomekea kwa kifutio cha penseli, akazijaribu moja moja. Kwa kadi ya pili, dakika ya kumi na mbili ilipita salama. Feni ilivuma gizani. Bibi akamaliza majina, akakohoa.

"Mwanangu, naomba maji. Leo siku ya pili."

Shangazi akaganda. "Hayo hatukuyarekodi. Zima!"

Fundi akazima. Sauti haikukoma. Akachomoa waya wa umeme, akang'oa na diski, akabaki ameishika mkononi ingali moto. Spika ziliendelea kukohoa. Kisha humo zikasikika ndala, moja ikiburuta, mwendo wa shangazi ambao fundi aliujua tangu utotoni. Zikaja hadi mlangoni kwa bibi, zikasimama. Ufunguo ukazungushwa kutoka nje, na ndala zikaondoka bila haraka.