Herufi Moja ya Gibson

Mlango uligonga meza. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza, jambo dogo tu, lakini Jumamosi iliyopita kati ya mlango na meza angepita mtu na sufuria ya ugali.

"Gibson, umesogeza meza?" Fancy aliuliza, akiingia kwa ubavu.

"Sijaigusa."

"Ni wewe umenona, Fancy," Kimotho alisema nyuma yake. "Sukuma, mvua inakuja."

Chumba kilikuwa cha Gibson, cha kupanga, mawe matupu, kule Kabianga, dirisha likiangalia majani chai. Kila Jumamosi mchana hapo ndipo walipocheza ule mchezo wa mezani wa kete na hadithi. Fancy ndiye msimulizi: mko pangoni, kuna joka, mnafanya nini? Kimotho, mtoto wa Mama Kimotho anayeuza mitumba sokoni, ni mpiga upanga. Gibson wa Boito ni mchawi. Mimi ningeua joka siku ya kwanza, ila hakuna aliyeniita.

Sasa mchawi wa mchezo huo habahatishi. Ana kitabu chake. Akipata uchawi wa mwingine, anaunakili kwa mkono wake, neno kwa neno, kisha anaukariri kila asubuhi. Ambacho hakimo kitabuni mwake hawezi kukitumia. Na karatasi ya asili, akishainakili, lazima iangamie. Ndiyo sheria, na Gibson aliheshimu sheria za mchezo kuliko amri kumi.

Wiki iliyopita Kimotho alikuwa amemletea daftari kuukuu lililookotwa chini ya kiti cha lori la kupeleka chai Mombasa. Lilikuwa na mistari miwili tu ya wino mwekundu: wa kuita na wa kufukuza. Gibson aliruka kwa furaha. Akanakili yote miwili, akatupa daftari jikoni likawa majivu, na siku sita mfululizo, kabla hata ya chai, akasimama katikati ya chumba hicho akikariri mstari wa kwanza kwa sauti.

Kusoma sana nako kuna hasara zake. Mimi niliwahi kutoka shuleni.

Mvua ya mawe ilianza kupiga mabati. Fancy alirusha kete, nayo ikadunda ikarudi, kwa sababu mwisho wa meza sasa uligusa ukuta. Wakanusa udi, mtamu, mzito, chumbani ambamo hakuna aliyewahi kuwa na udi. Kisha wakasikia mawe ya ukuta yakijikokota, taratibu, kama mtu anayeburuta gunia la majani mabichi.

"Kitanda kimefika hapa saa ngapi?" Fancy alinong'ona. Kilikuwa kinamgusa goti.

Kimotho alivuta mlango. Ulifunguka upana wa kiganja, ukakwama kwenye meza, na meza ilikuwa imebanwa kitandani, na kitanda ukutani.

"Gibson, soma wa kufukuza! Soma haraka!"

Gibson alifungua kitabu chake cha mchawi. "Ewe uliyeitwa, kazi yako imekwisha. Goma."

Mawe yakatulia. Kisha sauti ikatoka ndani ya ukuta, ya upole, ya adabu kabisa.

"Nimegoma."

"Umesema goma?" Kimotho alimshika shati. "Ilikuwa koma! Koma, kama kuacha! Wewe umeliambia hilo dude ligome!"

"Si ndiyo nimesema? Goma!"

"Hata mimi nasikia ni sawa," Fancy alisema, akilia.

"Nyinyi Wakipsigis mtatuua na hiyo G yenu kila penye K! Andika K!"

Gibson akaandika K juu ya G, akaandika tena, akakandamiza hadi karatasi ikatoboka, lakini wino uliteleza kama maji juu ya jani la chai, na daftari la asili la kunakili upya lilikuwa majivu, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza tena, ukija na kitanda, ukija na meza, mpaka wote watatu wakawa wamesimama kifua kwa mgongo na harufu ya udi ikawakaba kooni kama kitambaa.

Kimotho hakuwa na nafasi ya kupiga kelele. Akanong'ona tu, kwa ile sauti ambayo mama yake humbembelezea mtoto mgongoni. "Koma. Koma."

Na kwa Kikuyu, lugha ya kwao Kimotho, koma ni lala.

Ukuta ukashusha pumzi. Kuondoka lilikuwa limegoma; kulala likakubali. Mawe yakarudi nyuma kidogo, mlango ukaachia upenyo mwembamba, mwembamba kiasi kwamba mtu alipaswa kutoa hewa yote kifuani ndipo apite. Kimotho akiendelea kubembeleza, Fancy akajiminya akatoka, Gibson akafuata, shati likichanika.

"Toka sasa!"

Kimotho akaweka bega, akatoa pumzi yote, na mtu asiye na pumzi hasemi, na alipokuwa nusu nje nusu ndani ukuta ukageuka usingizini na mbavu zake zikalia, hata akajivuta ndani tena akihema, "Koma, koma, koma."

"Wacha nikusaidie," Gibson alisema kwenye upenyo. "Go—"

Fancy alimziba mdomo kwa viganja viwili. Akamwangalia Kimotho kupitia ufa, jicho moja tu likionekana.

"Namleta mama yako aje abembeleze. Usinyamaze. Umesikia? Usinyamaze!"

Akakimbia sokoni, pekupeku, mvua ya mawe ikimpiga kichwani.

Gibson alibaki ameegemea mlango. Ndani, Kimotho alikuwa akibembeleza vizuri, polepole, sauti ikizidi kuwa laini na nzito.

"Koma... koma..."

Kisha Kimotho akapiga mwayo.