Moshi Ndani ya Peugeot

"Kahawa imechemka," redio ya Motorola ilikoroma. "Imiminwe kabla ya saa nne."

Jasusi Gizachew akakanyaga mafuta.

Maana yake, lori la vitunguu lilikuwa limeshatoka Dire Dawa, likamatwe kabla ya saa nne. Chini ya vitunguu, bunduki. Malori ya vitunguu ni mengi; mtu mmoja tu ndiye aliyeuona uso wa dereva wa hili, na mtu huyo alikuwa amelala kiti cha nyuma. Sharti afike kwenye kizuizi cha barabara akiwa hai, amtambue.

Etete Askale, muuza kahawa, bibi wa miaka sabini na kitu.

Asubuhi ile Luteni Ashenafi ndiye aliyemleta garini, amemshika mkono kama mama yake mzazi. Akamfunika shuka zito la gabi. Akaziba kwa pamba kila mwanya wa madirisha.

"Upepo usije ukampiga," alisema. "Mzee akipigwa na upepo safarini, hafiki."

"Ubarikiwe, mwanangu," bibi akamjibu, naye luteni akatangulia kwenye kizuizi.

Nani angebisha? Kwao kila mtu anajua kuwa upepo wa dirishani huua wazee.

Peugeot 404, kuukuu kuliko Gizachew mwenyewe, ilikipanda kilima ikilalamika. Tafu, tafu, tafu, chini ya boneti. Kila akikanyaga mafuta, mlio ulizidi.

"Etete, amka basi. Unakoroma mpaka ngamia wanageuka."

Akageuka kumtazama.

Bibi hakuwa akikoroma; mlio ulikuwa wa gari.

Kichwa cha Gizachew kilikuwa kikigonga. Barabara ikawa mbili. Kichefuchefu kikampanda, na hapo ndipo akaelewa.

Moshi!

Akapiga breki. Akafungua milango yote, akambeba bibi, akamlaza mchangani. Uso ulikuwa mwekundu. Pumzi nyembamba kama uzi.

"Kituo, nina mgonjwa. Nataka gari."

"Hakuna gari karibu. La kwanza litafika baada ya saa mbili."

"Hana saa mbili!"

"Pole, kaka. Saa mbili."

Alikuwa na bastola ya Makarov. Alikuwa na darubini ya kuonea gizani na saa ya mkononi inayopiga picha. Hakuna hata kimoja kilichoweza kumtia bibi kizee pumzi. Akavua koti, akawa anampepea.

Uzee wa gari, au mkono wa mtu?

Akaacha injini ikinguruma taratibu. Akalowesha kitambaa, akaziba mdomo wa bomba la moshi, akakimbia mbele kusikiliza moshi unapovujia.

Ssss.

Pale bomba linapoungana na injini, moshi ulikuwa ukichomoka. Nati mbili hazipo, na alama za spana bado zinang'aa. Akainua zulia la nyuma. Tundu sakafuni, limekatwa karibuni tu.

Usiku kucha gari lilikuwa uani kwa Ashenafi.

Ashenafi, mwenye huruma na pamba yake.

Nati za akiba hakuwa nazo. Akimrudisha bibi garini, hata madirisha yakiwa wazi, moshi utamuua. Akikaa naye pale, atamtazama akifa. Gizachew alipiga magoti, akaendelea kupepea.

Lori la mkaa likasimama. Dereva wake, Obsa, akashuka pekupeku.

"Bibi yako?"

"Ndiyo."

"Mbona umemfunga kama mkate unaoumuliwa? Mpandishe juu ya magunia. Hewa huko ni ya bure."

"Huko juu upepo utampiga."

"Basi umpige! Hivi sasa kinachomuua ni upepo, wewe?"

Obsa alivua shuka lake la pekee, akalikunja likawa mto. Akamlowesha bibi midomo kwa maji yake ya kunywa. Jina hakuuliza.

Magunia yakiyumba, bibi akipumua ubavuni pake, Gizachew akashika redio.

"Ashenafi. Etete amekufa."

"Masikini! Basi usijichoshe, kaka. Njoo taratibu."

Walifika wakati nondo ya kizuizi inainuliwa. Ashenafi alikuwa akinywa chai na dereva mmoja wa lori la vitunguu, wanacheka. Obsa akalikingamisha lori lake katikati ya barabara.

Juu ya magunia, mweusi kwa mkaa, nywele wazi, Etete Askale aliinua kidole. Kikaanguka. Akakiinua tena.

"Yule," alinong'ona. "Mwenye jino la dhahabu."

Dereva wa vitunguu akarukia usukani. Makarov ikalia mara moja, tairi likalala. Ashenafi alipeleka mkono kiunoni, akakuta mdomo wa bastola uko shingoni kwake.

"Kaka, tuongee..."

"Nati zangu ziko wapi?"

Askari walimwaga vitunguu. Bunduki zikaonekana, zimepangwa kama kuni.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Muuguzi alimvisha bibi barakoa ya oksijeni, akamfuta mkaa usoni polepole, asimuumize. Bibi alifumbua macho, akamtazama Gizachew.

"Tadele," alisema. "Umerudi?"

Tadele alikuwa mwanawe, marehemu.

"Naam, mama."

Gizachew akamgeukia muuguzi. "Akili yake itarudi?"

"Hatujui. Wengine hurudi, wengine hubaki hukohuko."

"Nifanye nini?"

"Hakuna, kaka. Umeshafanya."

Redio ikakoroma kiunoni. Kazi mpya, mji mwingine.

Akavaa miwani ya jua. Akatoka taratibu, mikono mifukoni, bila kugeuka. Askari wakampisha wakimpigia saluti.

Ndani, bibi alikuwa bado akimwita mwanawe.