Vayolini Alizitunza, Sauti Yangu Akaifuta

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mkazi wa Chanji hapa Sumbawanga. Ukipiga hodi kwangu usikasirike ukiona siitikii. Nitakuja mwenyewe mlangoni nikukaribishe kwa kunong'ona, maana kunong'ona ndiyo sauti niliyobaki nayo.

Zamani nilikuwa mwimbaji! Nilizaliwa Chala, kwa wazazi wakulima wa mahindi na ulezi, na kanisani kwetu nikisimama kuimba peke yangu hata waliokuwa wanasinzia walikuwa wanaamka. Kwaya ndiyo iliyonikutanisha na mume wangu Kizito, aliyekuwa mwalimu wetu wa nyimbo.

Kizito alikuwa ameajiriwa na shirika moja la umma. Mashirika yalipoanza kuuzwa, akapunguzwa kazini. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye kiinua mgongo chake akakinunulia kompyuta ya mitumba na kinanda kidogo. Ndugu zake walisema amechanganyikiwa, lakini mimi nilimtetea, jamani! Nilitoa mablanketi niliyopewa siku ya harusi yangu, tukayagongomea ukutani mwa chumba cha nyuma ili sauti zisirudi. Hiyo ndiyo ikawa studio.

Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na sauti za orkestra nzima... vayolini, filimbi, tarumbeta, ngoma kubwa. Mpigaji hakuna hata mmoja! Kizito alibonyeza kinanda, safari hii kikatoa vayolini, safari nyingine tarumbeta. Kisha alishinda anazichanganya, hii anaishusha, ile anaipandisha, mpaka ukifumba macho unadhani ukumbi umejaa watu wenye suti. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia vayolini zake hazipumui. Nilimwimbia mstari wa vayolini, naye akaufuatisha. Tulipendana sana siku hizo.

Shida ya ile mashine ilikuwa moja, haikuwa na nafasi kubwa. Wimbo ukikamilika, Kizito aliugandamiza ukawa kitu kimoja, halafu vile vipande vya sauti alivyorekodi akavifuta ili apate pa kuweka kazi nyingine.

Basi nikaota rovu. Huku kwetu Ufipa uvimbe wa shingo si ajabu, wanawake wengi tunaufunika kwa khanga na maisha yanaendelea. Langu lilikua mpaka nikawa nakosa pumzi nikilala. Daktari alisema lazima nipasuliwe. Alinieleza bila kunificha kwamba mishipa ya sauti imepita pale pale, na huenda baada ya hapo nisiimbe tena.

Mtu ambaye hajawahi kuimba hawezi kujua nililia vipi! Sikulilia kanisa wala sifa. Nilimlilia binti yangu Adelina, ambaye alikuwa hajafika miaka mitatu. Atakumbuka nini kuhusu sauti ya mama yake? Kwenye kanda za zamani za kwaya nilikuwa nimemezwa na wenzangu, hakuna mahali unaponisikia peke yangu.

Kizito akasema atanirekodi. Alikuwa anatengeneza wimbo mkubwa wa jubilei ya parokia, wenye orkestra yote, na sehemu ya mwimbaji mmoja ikawa yangu. Tulisubiri jirani azime mashine yake ya kusaga, tukafunga madirisha kwa sababu ya upepo, nikaimba. Nilipomaliza nikamwomba asizime. Nikamwimbia Adelina wimbo wa kubembeleza wa Kifipa ambao mama yangu alinibembelezea mimi.

"Hii usiifute, Baba Adelina," nilimwambia.

"Nitaifutaje, mke wangu? Hii ni mali ya mtoto."

Nilimwamini. Ningeacha kumwamini kwa lipi?

Kwenye kwaya kulikuwa na binti mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa Majengo, anaitwa Devota. Kabla sijaondoka nilimfundisha wimbo ule wa jubilei neno kwa neno ili anishikie nafasi yangu kwenye misa nikiwa wodini. Alikuwa ananiita dada. Hata mboga alikuwa ananiletea!

Nilipasuliwa, nikapona. Sauti haikurudi. Nilikaa kwa dada yangu Chala mpaka kidonda kikakauka, nikijipa moyo kwamba nimeacha sauti yangu mahali salama.

Siku ya kuzindua kanda ya wimbo wa jubilei nilirudi mjini nimejifunga kitambaa shingoni. Nikakaa mbele kabisa na Adelina mapajani. Padri akabariki, spika zikafunguliwa. Vayolini zikaanza taratibu, zinapumua vile nilivyomfundisha. Tarumbeta zikapokea, nikaanza kulia kwa furaha. Nikamnong'oneza mtoto, "Sasa msikilize mama..."

Akaingia Devota.

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini alikuwa amesimama pale mbele na maiki mkononi, gauni jipya, anafuatisha sauti yake mwenyewe iliyotoka kwenye spika! Watu wakapiga vigelegele. Waliokuwa wanajua walinitazama mara moja kisha wakaangalia chini. Ndipo nikaliona lile gauni jinsi lilivyombana tumboni, nikaelewa kwa nini mboga zilikuwa nyingi vile.

Nyumbani nilitaka kumpigia Kizito kelele mpaka majirani wajae uani. Kelele sina! Mtu ametendwa vile halafu analazimika kumsogelea mume wake sikioni, utadhani anampa maneno ya mapenzi... Nilimuuliza sauti yangu iko wapi.

Akasema watu walitaka mwimbaji wanayeweza kumwona amesimama. Akasema sauti ya Devota inakaa vizuri zaidi juu ya vyombo.

"Sijakuuliza ya Devota. Yangu iko wapi? Na ule wimbo wa mtoto?"

"Nilifuta, Mama Adelina. Nafasi ilikwisha."

"Na vayolini umezifuta?"

 Vayolini zote alikuwa amezitunza, moja moja, pamoja na tarumbeta na ngoma. Vitu ambavyo hakuna binadamu aliyevipiga alivitafutia nafasi. Mke wake aliyekuwa amelala wodini akakosa.

Haukupita muda akahamia Majengo kwa Devota, na kompyuta akaibeba. Nilimfuata fundi mmoja wa kompyuta nikamweleza kwa kuandika kwenye karatasi. Alinihurumia. Akasema pakishafutwa na kuandikwa kitu kingine juu yake, hakuna cha kurudisha. Mablanketi yangu niliyabandua mwenyewe, yametobolewa na misumari kila upande. Ndiyo tunayojifunika mpaka leo.

Siku hizi nauza maandazi. Wateja wangu wamezoea, wananisoma midomo. Ile kanda imependwa mno, inapigwa kwenye harusi, inapigwa madukani, na Adelina ameikariri yote. Juzi alikuwa anaosha vyombo uani akiimba. Anaimba vizuri, mwanangu! Lakini anaimba kama Devota, maneno ya mwisho anayavuta vile vile. Nikamwambia mama yake aliimba wimbo huo kabla ya huyo anayemsikia. Akacheka, akadhani namtania.

Wasomaji wenzangu, mkirekodi kitu cha thamani ondokeni na nakala yenu siku hiyo hiyo, hata kama anayerekodi mnalala naye kitanda kimoja. Lakini nawasihi zaidi akina mama. Mwimbie mwanao akiwa anakutazama usoni, mwimbie mpaka achoke, halafu ndiyo ukaiimbie mashine. Siku ile mimi ninarekodi wimbo wa kumbembeleza Adelina, Adelina mwenyewe nilikuwa nimempeleka kwa jirani ili asitupigie kelele.