Amuge Anamnunulia Binti Yake Laptop

Amuge huuza mahindi Malaba, mpakani. Kabla ya kununua gunia, hulidunga kwa bambo, chuma chenye ncha na uwazi, punje chache zitoke, azing'ate. Hakuna aliyewahi kumuuzia mahindi mabichi.

Wiki hiyo binti yake, Mourine, alipata kazi kwa wakala anayejaza karatasi za mizigo ya malori. Wakala alimwambia, "Jumatatu uje na laptop yako. Ukichelewesha malori, nitamwita mwingine."

Dukani walikuta laptop mbili za kampuni moja. Moja ilikuwa ya plastiki. Nyingine ilikuwa ya chuma, nyembamba, inang'aa, na bei yake mara mbili.

"Tunachukua hii ya kung'aa," Amuge alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kwetu kukaa ofisini. Watu waone."

"Mama, tumuulize Emong kwanza."

Emong ni jirani yao, fundi wa kompyuta. Alikuja, akawasha zote mbili, akasoma kilichomo.

"Mama Mourine, gunia likiwa na maandishi mazuri, unalinunua bila bambo?"

"Mimi? Labda niwe nimerogwa."

"Basi leo ulitaka kununua maandishi."

Mourine akaangalia chini, akicheka.

"Kampuni moja hutengeneza za bei ya chini na za bei ya juu," Emong alieleza. "Hii ya chuma ni nyepesi, kioo chake ni safi. Inamfaa mtu wa video. Mourine anajaza fomu. Yeye anahitaji memori. Memori ni kama turubai la kumwagia mahindi. Likiwa dogo, kazi inakwama. Hii ya plastiki ina memori ya GB nne, ni ndogo. Lakini inakubali kuongezwa ifike nane, sawa na ile ya chuma. Ulizeni pia betri inakaa saa ngapi, na warantii ya kutengenezewa ikiharibika ni ya muda gani."

"Na pesa itakayobaki?"

"Si uongeze mahindi, mama."

Walinunua ya plastiki. Fundi wa duka akaongeza memori, akaandika warantii kwenye risiti.

Ijumaa iliyofuata, dereva wa lori alisimama kwa Amuge kununua mahindi.

"Mama, kuna msichana mgeni kwa wakala pale. Karatasi zangu zimetoka kabla chai haijapoa."

"Ana laptop gani?" Amuge aliuliza.

"Laptop? Hata sikuiangalia. Nilikuwa namwangalia yeye akifanya kazi."

Amuge akanyoosha mgongo.

"Huyo ni wangu," alisema.