Fundo la Viatu vya Shule

Kila siku akitoka shule, Limi hupitia nyumbani, hula haraka kilichobaki chunguni, kisha huenda kwenye karasha kulinda viroba vya mama yake. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kule machimboni Geita foleni yake ni ndefu. Mtu anapanga viroba vyake Jumatatu, vinasagwa Alhamisi. Na kwa kuwa viroba vyote vinafanana, kila mwenye mawe hufunga vyake kwa kipande cha kitenge chake. Kitenge cha Melania, mama yake Limi, kilikuwa cha kijani chenye picha za kuku wa njano. Hakuna mwingine pale aliyekuwa nacho.

Ndiyo maana kiroba kimoja cha Melania kilipopotea, na kiroba chenye kitambaa cha kuku kikakutwa nyumbani kwa Adam, watu hawakuuliza mara mbili. Adam alikuwa mchimbaji, jirani yao, wenyewe humwita Baba Blessing. Alikamatwa, akakaa mahabusu siku nne kabla ya kupata dhamana. Siku aliyokamatwa alisema mawe yale ni yake, kamba yake ilikatika, na Limi ndiye aliyemfungia. Askari akamgeukia Limi mbele ya mama yake, akamuuliza kama ni kweli.

Limi akatikisa kichwa kukataa.

Sasa, ukweli ni kwamba Adam hakudanganya. Limi alikuwa na vipande vya akiba vya kitenge, na mama alimwonya asimpe mtu hata kimoja, maana kile kitambaa ndiyo alama yao. Yeye akampa Adam, tena akamfungia mwenyewe, Adam akabeba kiroba chake kwenda nacho nyumbani. Kisha Limi akaacha lindo, akaenda kucheza rede na wenzake nyuma ya vibanda. Aliporudi, viroba vya mama vilikuwa viwili badala ya vitatu. Mama alipomuuliza, akaapa kwamba hakuondoka hata dakika moja. Angesema habari ya kitambaa, angeulizwa na hayo mengine. Basi akanyamaza.

Shuleni, Rebeka wa darasa la sita alimwambia kwamba mjomba wake aliiba baiskeli akafungwa miezi sita, na alipotoka shamba lilikuwa limegeuka kichaka. Limi alimuuliza kama kweli mtu hufungwa siku hiyohiyo ya kesi. Rebeka akasema ndiyo, haruhusiwi hata kurudi nyumbani kuaga.

Siku ya kesi, Melania alimchukua Limi akaenda naye Mahakama ya Mwanzo. Chumba kilikuwa kidogo, bati likilia kwa joto. Kile kiroba kilikuwa sakafuni karibu na meza ya karani, kimebandikwa karatasi yenye namba, hakuna aliyekifungua tangu kikamatwe. Kwenye benchi la mbele alikaa Nelly, mke wa Adam, amempakata mtoto wao Blessing. Miguuni pake aliweka furushi. Limi alichungulia, akaona blanketi na kipande cha sabuni. Akaelewa ni vya Adam kwenda navyo jela.

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani aitwaye Serafina, alimsikiliza Melania mpaka mwisho, akiandika kwa mkono. Kisha akamuuliza Adam kama ana shahidi.

"Ninaye mmoja, mheshimiwa," Adam akasema. "Ni mtoto wa huyu anayenishitaki."

Watu wakaguna. Mzee mmoja wa nyuma akanong'ona kwamba huyu sasa kachanganyikiwa, anaomba maji kwenye nyumba aliyoichoma. Melania akasimama akasema mtoto ni wake na hana la kusema.

"Shahidi ni wa mahakama, mama," hakimu akamjibu. "Kaa. Limi, njoo hapa."

Akamuuliza kama anajua maana ya kusema kweli, akamtaka aahidi. Limi akaahidi, sauti ikitoka kama ya mtu mwenye mafua.

"Nani alifunga kiroba hiki?"

Limi aliangalia kiroba. Akaangalia furushi la Nelly. Blessing alikuwa amelishika blanketi kwa vidole, akilivuta kama kitu cha kuchezea.

"Mimi," akasema.

Melania akainuka tena, akasema mtoto amefundishwa maneno. Hakimu hakumkemea. Alimwambia Limi kwamba mtu anaweza kusema hivyo kwa kumhurumia jirani, na mahakama haihukumu kwa huruma peke yake. Kisha akamwita Melania mbele.

"Wewe viroba vyako unavifungaje?"

Melania akajibu bila kusita. Anazungusha mara tatu, anakaza, anachomeka ncha ndani zisionekane, kama walivyofunga mizigo ya pamba kwao Shinyanga. Huo ndio ufungaji wake tangu akiwa msichana.

"Basi angalia hicho."

Melania akainama. Kitambaa kilikuwa chake, pamoja na kuku wake. Lakini kilizungushwa mara moja tu, na juu yake yamesimama masikio mawili ya kitambaa, na ncha mbili zinaning'inia.

Angeweza kusema siku ile alikuwa na haraka. Lakini alipoinuka, hakumwangalia hakimu, alimwangalia Adam.

"Mheshimiwa, hili si fundo langu. Hivi ndivyo mwanangu anavyofunga viatu vyake vya shule. Mimi niliona kitambaa tu, fundo sikulitazama."

Hapo Limi akasema yote: kitambaa alichompa Adam, rede, vibanda, na kwamba alipoondoka alimwomba Charles, msukuma toroli, amwangalizie viroba. Hakimu akaandika, akainua kichwa, akamwachia Adam huru. Nelly alifungua furushi, akamfunika mtoto lile blanketi ingawa kulikuwa na joto.

Charles alikamatwa wiki ileile, na alipofikishwa mbele ya hakimu yuleyule alikiri kwamba aliyauza yale mawe. Hakimu alimwambia kwamba wizi ungeweza kumpeleka jela. Lakini kwa kuwa alikiri mapema na lilikuwa kosa lake la kwanza, akaamriwa amlipe Melania thamani ya kiroba na afanye usafi wa zahanati kwa miezi mitatu. Akikimbia kazi, atafungwa.

Jioni ya siku hiyo Melania alimshika Limi mkono wakaenda kwa Adam kuomba radhi. Limi alimwamkia, "Shikamoo, Baba Blessing." Adam akachelewa kidogo kuitikia, kisha akasema marahaba, ila kuanzia sasa atakuja karasha na kamba yake mwenyewe. Nelly hakucheka.

Njiani kurudi Melania alisimama.

"Charles aliiba kiroba, na kiroba kinalipika," alisema. "Wewe ulitikisa kichwa mara moja, na mimi sikutazama fundo, tukamwibia yule baba siku nne. Hizo hakuna hakimu atakayeturudishia ili tumpe mwenyewe. Mwanangu, ukiona kweli, iseme siku ileile, hata kama utachapwa."