Grisi Ndani ya Mguu wa Injini

Mwili wa Ng'ang'a ulikutwa chini ya mfereji wa kupunguzia maji ya bwawa, kifudifudi, kiatu kimoja mguuni. Boti ilikuwa imekwama kati ya mawe hatua chache juu yake, injini ikining'inia nyuma.

Inspekta Bridgit Chepkorir aliinama, akatazama, akanyoosha mgongo taratibu. Mvua ya Ainabkoi ilikuwa imemlowesha mpaka soksi. Hakuwa amepata likizo tangu mwaka uanze, na maiti huyu hakuelekea kumsaidia.

"Kichwa kimegonga mawe," alisema Konstebo Mabonga. "Lakini pengine maji yalimmaliza kwanza. Tungoje upasuaji."

"Mbona hakuwasha injini akatoka?"

"Iligoma, madam. Propela haizunguki hata kidogo."

Ng'ang'a alikuwa dereva wa boti katika shamba la maua lililomiliki bwawa hilo. Shamba lilitaka kuinua ukuta wa bwawa, na asubuhi hiyo alikuwa akivusha vigingi vyekundu vya kuonyesha mahali maji mapya yangefika. Wapimaji waliosimama ukingoni waliona kila kitu. Injini ilinguruma vizuri mpaka katikati, ikalia, ikanyamaza. Upepo ukaisukuma boti kwenye mfereji uliokuwa umefurika. Boti nyingine haikuwepo, wakabaki kupiga kelele.

Chepkorir aliamuru bwawa lizungushiwe utepe na injini ipelekwe kituoni, Eldoret. Mchana huo fundi wa serikali alifungua mguu wa injini, ile sehemu ya chini inayozama majini na kubeba gia. Ndani hamkuwa na tone la oil. Beringi zilikuwa zimelika, zimejaa vishimo, moja imepasuka na kukaba shafti.

Wenye shamba walishangaa. Wiki iliyopita tu mguu huo ulipelekwa kwa fundi Mungai, mjini, ukabadilishiwa beringi zote. Kabla jua halijatua, Mungai alikuwa ndani.

"Alimdanganya mteja, akaacha zile za zamani," mkuu wa kituo alisema. "Kesho asubuhi anaenda kotini kwa kuua bila kukusudia. Funga faili, Chepkorir, ukapumzike."

Neno kupumzika lilikuwa tamu masikioni. Lakini alipotoka alimkuta Wangeci, mke wa Mungai, kwenye benchi, amekumbatia chupa ya chai ambayo askari walikataa kuipokea.

"Madam, huyo mtu hata kanisani wanamwita msumbufu," Wangeci alisema bila kupandisha sauti. "Kiti kikilegea, ibada inamngoja akaze. Sasa aache kazi nusu, kwa chombo cha maji?"

Chepkorir alishusha pumzi, akaichukua ile chupa, akarudi ndani.

Mungai alikuwa mtu mwembamba, macho yamemvimba.

"Ulibadilisha beringi?"

"Zote. Na sili za kuzuia maji."

"Za zamani ziko wapi?"

"Nilimpa Ng'ang'a kwa mfuko. Mteja lazima abebe spea yake mbovu, madam. Usipompa, atasema hukubadilisha kitu."

Hilo lilikuwa kweli. Eldoret nzima, fundi hukukabidhi kile kibovu ukione kwa macho yako. Chepkorir mwenyewe alikuwa na breki pedi kuukuu chini ya kiti cha gari lake, hajui azitupe wapi. Basi beringi mbovu zilirudi shambani pamoja na mguu wa injini, na mtu yeyote huko angeweza kuzichukua.

Alikwenda stoo ya vielelezo, akavaa glavu, akafungua mfuko. Beringi zilinata. Kitu kizito, cheusi, kilikuwa kimeshindiliwa kati ya gololi na gololi, kwa ustadi, mpaka pembeni kabisa. Alikinusa. Akajiona kwao Turbo, akiwa mtoto, akimshikia baba yake gurudumu la trela kabla ya msimu wa kuvuna mahindi.

Alirudi seli. "Mungai, ndani ya mguu wa injini huwa unaweka grisi?"

"Grisi? Hapana. Hapo beringi inaogelea kwa oil. Unaiingiza na tundu la chini mpaka itokee la juu. Grisi ni ya pale propela inapokaa tu."

"Na zikifungwa na grisi, bila oil?"

Mungai alifikiri. "Hizo mbovu zikifungwa kavu, madam, zingegoma pale pale. Grisi itakudanganya kidogo. Engine itatembea, halafu ishike."

Chepkorir alimmiminia chai ya mkewe. Ilikuwa bado moto.

Kulipopambazuka alimwomba mkuu wa kituo ampe mpaka saa nne, kabla kesi haijatajwa. Mkuu alimtazama kama mtu anayekataa kitanda.

Karakana ya shamba ilikuwa kibanda cha mabati juu kidogo ya bwawa. Nyuma yake palikuwa na kaburi moja lililopaliliwa vizuri, na msalaba wa chuma. Juu ya kaburi, upande wa mlimani, kigingi chekundu kilikuwa kimeshapigwa. Chepkorir alikitazama, akayatazama maji kule chini, akapiga hesabu yake kimya.

"Chamgei, mama," alisalimia kwa Kikalenjin mzee aliyeketi mlangoni juu ya sanduku la vifaa. Huyo ndiye Kiprotich, fundi wa matrekta wa shamba.

"Chamgei mising, Mzee. Pole kwa Ng'ang'a."

"Tulikuwa tunakunywa chai pamoja kila siku." Hakumtazama.

"Trekta zote ni wewe unazishughulikia?"

"Zote. Na matrela."

"Na injini ya boti?"

"Hiyo hupelekwa town."

Chepkorir alichomoa beringi moja kuukuu ya trela kutoka rafuni, akaiweka mbele yake. "Mimi nimekulia kwa trekta, lakini nimesahau. Hebu nionyeshe, Mzee. Hii ingefungwa vipi?"

Kiprotich aliichukua. Aliipangusa kwa kitambaa, akaizungusha karibu na sikio. Kisha, macho bado yakiwa kwenye beringi, mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye mkebe wa grisi, ukachota, ukaanza kuishindilia kwa kiganja katikati ya gololi, mpaka pembeni kabisa.

Chepkorir aliweka kando yake mfuko wa kielelezo, wazi.

Mzee alitazama moja, akatazama nyingine. Mkono ukasimama.

"Zile mpya ziko wapi, Mzee?"

Mabonga, aliyekuwa amefuatana naye, alipiga hatua, Chepkorir akamzuia kwa jicho.

"Nimeziketia," Kiprotich alisema.

Zilikuwa ndani ya sanduku, zimefungwa kwa gazeti, hazina hata mkwaruzo. Alikusudia kuzirudisha.

"Kwa nini?"

"Umeona kaburi?"

"Nimeliona."

"Ni Jebet, mke wangu. Hii ilikuwa shamba ya baba yangu kabla haijauzwa. Niliomba ofisi wanipe wiki moja. Wiki moja tu, watoto wangu watoke Nairobi na Lodwar, pasta aje, tumtoe vizuri, tumzike kwingine. Wakasema vigingi vikimaliza kupigwa, tinga la kuchimba linaanza kazi. Halingojei watoto wa mtu." Alikuwa akifuta kila kidole peke yake. "Mfuko wa beringi mbovu Ng'ang'a aliuacha hapa. Nikajua engine ikikufa, itarudi town tena, na kwenda na kurudi ni wiki, vigingi havivuki. Nikazirudisha ndani ya engine usiku, na puli yangu ya kung'olea beringi."

"Ulimwambia Ng'ang'a?"

"Angekataa. Alikuwa mtu wa kazi."

Chepkorir angependa huyu awe mtu mbaya, hata kidogo tu, amrahisishie siku.

"Kuna mtu yuko seli kwa sababu yako, Mzee. Ana bibi, ana karakana."

"Nilisikia. Jana nilivaa koti nije kituo. Nikafika kwa gate, nikarudi." Alikunja kile kitambaa. "Muachilie. Mimi nitasema yote, mbele ya nani mnataka."

Chepkorir alipiga simu. Mkuu wa kituo alisikiliza, akanung'unika, akasema Mungai hatapanda gari la mahakama. Nyuma ya sauti yake alisikika mwanamke akilia na kumshukuru Mungu. Utepe wa polisi ulipigwapigwa na upepo kule ukingoni, na hakuna tinga lililokuwa likinguruma. Kazi yote ilikuwa imesimamishwa kwa ajili ya uchunguzi.

"Wiki nimeipata," Kiprotich alisema, akiangalia utepe. Hakukuwa na furaha yoyote katika sauti yake.

Alisimama. Kisha swali lililokuwa likimla tangu jana likamtoka.

"Lakini mama, oil nilimwaga yote. Engine ilikuwa ikatae pale pale akiwasha. Akasirike, anitukane, tuje tunywe chai. Ilimfikisha aje katikati?"

Chepkorir angeweza kunyamaza. Alikuwa amechoka vya kutosha. Lakini mahakamani wangemwambia, mbele ya watoto wake, na wangemwambia vibaya.

"Ni grisi, Mzee. Ungezifunga kavu, zingegoma ukingoni."

Hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa. Aliitazama mikono yake, ikiwa bado nyeusi kwenye mistari, akaketi tena juu ya sanduku.

"Beringi kavu sijawahi kufunga," alisema, "tangu niwe fundi."

"Najua."

Mabonga alikuwa ameshatoa pingu. Chepkorir alimwashiria angoje kidogo.