Mgonjwa Haambiwi

Katika Nyumba ya Mioyo, juu ya kilima cha jiji la Tukuyu, ungeweza kumshika mgonjwa mkono asubuhi hadi jioni ukitafuta mapigo usiyapate. Usishtuke, wala usiite wachimba kaburi. Mtu yu hai, anakunywa uji na kumsengenya mwenzake wa kitanda cha pili. Kifuani mwake kuna moyo-feni, kidude kisichozidi pera, kilichoshonwa kwenye moyo uliochoka ili kiusaidie kusukuma damu. Moyo wa kuzaliwa hudunda. Moyo-feni hauna habari na kudunda. Unazunguka tu, na damu inapita mfululizo kama maji ya bomba.

Ila kilichowashangaza wageni zaidi kilikuwa Mnasihi, mashine yenye sauti ya mzee mstaarabu iliyosikika kila chumba. Mnasihi ndiye aliyepima moyo umefikia wapi, akaeleza njia zilizobaki: dawa za kuutia nguvu, zinazoingia mshipani bila kukatika, moyo mpya uliooteshwa kwa chembe za mgonjwa mwenyewe, kama figo zake bado zinahimili upasuaji mkubwa, moyo-feni, au huduma ya faraja, yaani kutulizwa maumivu na kwenda kumalizia siku nyumbani. Alieleza vizuri mno. Tatizo ni kwamba hakumweleza mgonjwa. Aliwaeleza ndugu.

Hiyo iliitwa kanuni ya stara, na aliyeitia ndani ya Mnasihi ni Profesa Ambakisye Mwasomola, mwasisi wa nyumba ile. Hakuizua hewani. Ni desturi yetu ya tangu na tangu: mgonjwa haambiwi, asije akakata tamaa. Ndugu hukaa kikao uani wakaamua, kisha wanaingia ndani na nyuso za kutengeneza kumwambia anaendelea vizuri. Profesa aliichukua desturi hiyo akaifanya sheria ya mashine, halafu akaitia kufuli: mgonjwa asiyejua hali yake hawezi kuamua, na asemalo halihesabiwi.

Injinia Tusekile Mwakalobo alilijua kufuli hilo vizuri. Mama yake aliwekewa moyo-feni kwa uamuzi wa wajomba. Figo zikafa, miguu ikafa, feni ikaendelea kuzunguka. Mama akaomba izimwe, arudishwe kijijini Kyimbila akafie kwake. Ombi halikuhesabiwa. Siku moja alimshika Profesa koti akamuuliza, "Baba, nina nini hasa?"

"Pumzika, mama," Profesa akamjibu. "Wewe kula, ulale. Mengine tuachie sisi."

Tusekile alikuwa msichana mdogo, amesimama pale na kikombe cha chai ya mama yake. Maneno yale alikwenda nayo shuleni, akaenda nayo chuoni, akaja nayo siku alipoajiriwa kuwa mhandisi mkuu wa Mnasihi. Watu walimsifu kuwa binti ana bidii. Bidii ilikuwa ya nini? Ilikuwa chuki, na aliilea kama mtu anavyomlea mwanawe wa pekee.

Malipo ni hapa hapa duniani. Moyo wa Profesa nao ukachoka, miguu ikavimba, akawa halali ila ameketi. Mwanawe Lugano akashuka kutoka kituo cha Mwezini, akakaa na dada zake mbele ya Mnasihi, wakachagua moyo-feni. Walipotoka, mzee akauliza, "Mnasihi, nimefikia wapi?"

"Pumzika, Profesa. Wewe kula, ulale. Mengine tuachie sisi."

Maneno yale mzee aliyaweka mwenyewe, na alijua husemwa kwa nani. Akaagiza mhandisi aitwe.

"Mwanangu," alimwambia Tusekile alipoingia, "niondolee stara. Siitaki feni. Nataka nikafie kwangu."

"Umewaambia watoto wako?"

"Nimewaambia. Lugano ananipapasa mkono, ananiambia nitapona."

Tusekile akavuta kiti, akaketi. "Profesa, unamkumbuka mama mmoja wa Kyimbila, alilazwa chumba hiki hiki? Alikuuliza ana nini hasa."

Mzee alimtazama sana, akatikisa kichwa. "Walikuwa wengi, mwanangu."

Miaka yote Tusekile alijiandaa kumsikia akikana, au akilia, au akijitetea. Kwa kusahaulika hakujiandaa. Kulimchoma kuliko kifo chenyewe.

"Alikuwa mama yangu," akasema.

"Nisamehe. Nilidhani nawasitiri. Mtu akiambiwa anakufa, anakufa mara mbili."

"Na wewe unataka kufa mara mbili?"

"Nataka kujua."

"Hata yeye alitaka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, Profesa." Akasogeza kiti. "Basi ifute kanuni kwa wote. Neno lako la mgonjwa halihesabiwi, lakini kanuni yenyewe Mnasihi haifuti kwa sauti nyingine ila yako wewe mwasisi."

Mzee akajiinua kwa kiwiko, akihema. "Mnasihi. Kuanzia leo, mgonjwa aambiwe."

"Nimepokea," Mnasihi akasema. "Mhandisi athibitishe vyumba."

"Ndaga, mwanangu," Profesa akashukuru kwa lugha ya nyumbani, machozi yakimlenga. Tusekile akagusa kioo cha kumwamuru Mnasihi, alichokishika mkononi. Akathibitisha vyumba vyote isipokuwa kimoja.

Alasiri ile nyumba nzima iliambiwa ukweli. Bibi wa chumba cha pili alilia, akajifuta kwa upindo wa kanga, akasema, "Kumbe. Basi nipelekeni kwangu, nikaione migomba yangu." Wakampeleka. Profesa aliyasikia yote kupitia ukutani. Akauliza tena, naye Mnasihi akamwambia apumzike.

Wakamtia feni. Mvua za masika zilipokwisha, figo zake zilikuwa zimeanza kufa, na Tusekile akaja kukagua mzunguko wa feni. Mzee alikuwa amebaki macho tu.

"Nizimieni," alisema.

"Mgonjwa hajui hali yake," Mnasihi akajibu kwa upole. "Ombi halikuhesabiwa."

Profesa akauchukua mkono wa Tusekile, akauweka kwenye kifundo cha mkono wake, pale ambapo madaktari hutafuta uhai. Palikuwa kimya. Alimtazama tu, na safari hii alimtazama kama mtu anayemkumbuka.

Kioo kilikuwa mfukoni mwa Tusekile. Mguso mmoja ungetosha kukithibitisha chumba kile.

"Pumzika, baba," Tusekile akasema. "Wewe kula, ulale."

Maneno yaliyobaki hakuyamalizia. Siku hii aliingoja tangu utotoni, akiamini ikifika moyo wake utatulia. Haukutulia. Ulimdunda mpaka masikioni, na katika chumba kile hakukuwa na mwingine uliodunda.